UZI: Sheria ya moto ipo au haipo? Historia ya kanuni za ujenzi Kenya, ukiitazama kutoka Ntimaru

1/ Kila moto mkubwa ukitokea Kenya, mjadala huwa uleule. Mmoja anasimama anasema "sheria zipo, zifuatwe tu." Wa pili anajibu "sheria zimepitwa na wakati, tunahitaji mpya." Wa tatu anasema kaunti zimelala. Wa nne anasema kaunti hazijapewa pesa. Halafu tunazika, tunasahau, tunangoja moto mwingine. Leo nataka tuichimbe hii historia bila kutaja mwanasiasa wala chama, kwa sababu wote wanne wana ukweli nusu nusu, na ukiziunganisha hizo nusu unapata kitu cha maana cha kuuliza kabla ya kupiga kura.

2/ Mimi ni mwanafunzi wa sayansi ya siasa, na nyumbani ni Ntimaru, Kuria Mashariki, Kaunti ya Migori, karibu na mpaka wa Tanzania. Soko letu linakua. Vyumba vya kupanga vinajengwa kwa mstari, kila kimoja mlango mmoja na dirisha moja lenye grili iliyochomelewa. Petroli ya bodaboda iko kwenye chupa za plastiki mbele ya kibanda. Kwenye mashamba kuna mabanda ya kukaushia tumbaku yanayowashwa kuni siku kadhaa mfululizo. Na kuna shule za bweni. Mdogo wangu analala kwenye mojawapo. Kwa hivyo mtu asiniambie hii ni mada ya magorofa ya Nairobi.

3/ Tuanze na neno moja ambalo jukwaani huwa halitajwi. Kanuni za ujenzi ambazo Kenya imetumia kwa zaidi ya nusu karne zilitolewa mwaka 1968. Jina lake rasmi lilisema ni kanuni ndogo "za kupitishwa". Yaani serikali kuu iliandika kiolezo, halafu kila baraza, liwe la manispaa, la mji au la kaunti za zamani, likaachiwa liamue kama litakipitisha kitumike kwake au la. Baraza lisipokipitisha, kinabaki karatasi.

4/ Kwa hivyo tangu mwanzo, jibu la swali "sheria ya moto ipo?" lilikuwa "inategemea umesimama wapi." Nyumba mbili zinazofanana, moja ndani ya manispaa na nyingine nje kidogo ya mpaka wake, zingeweza kuwa chini ya masharti tofauti kabisa. Moto wenyewe haujui mpaka wa manispaa. Lakini sheria iliujua vizuri sana.

5/ Ndani yake kulikuwa na nini? Vitu vya maana, tusidanganyane: ramani ipelekwe kwa baraza kabla ya kuchimba msingi, umbali kati ya jengo na mpaka wa ploti, kuta zinazoweza kuhimili moto kwa muda, njia za kutokea. Ziligawanywa daraja mbili. Daraja la kwanza lilikuwa la majengo ya kudumu kama unavyoyajua mjini. Daraja la pili lilikuwa la makazi ya watu wa kipato cha chini, lenye masharti mepesi zaidi, na baraza lilipaswa kuamua litumike maeneo gani.

6/ Mabaraza mengi yalipenda daraja la kwanza na kulikwepa la pili. Ukifikiria kisiasa utaelewa. Diwani gani anataka kusema hadharani kwamba mji wake ni wa daraja la pili? Matokeo yake, nyumba ambazo wananchi wengi waliweza kumudu hazikuwa halali, na kwa kuwa hazikuwa halali, hazikukaguliwa. Mkaguzi hakagui kitu ambacho kwenye makaratasi hakipo.

7/ Hii tabia ina mizizi mirefu. Mwaka 1902 tauni ilipoingia Nairobi, maafisa wa kikoloni waliamuru Soko la Wahindi lichomwe. Yaani kati ya matendo ya kwanza ya serikali kuhusu majengo ya mji ule, moja lilikuwa kuyatia moto. Kanuni za ujenzi zilizofuata zilichotwa Uingereza na zikawekwa kwa ajili ya miji. Huku mashambani, kwenye yale waliyoyaita maeneo ya wenyeji, hakuna aliyeona haja ya kuuliza mlango wa nyumba unafungukia wapi.

8/ Sasa tuilete Ntimaru. Wakati wa ukoloni sisi tulikuwa South Kavirondo, makao Kisii. Baadaye South Nyanza, makao Homa Bay. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikaja Wilaya ya Kuria, na baraza la manispaa likawa Kehancha. Tangu 2013 makao ni Migori mjini. Hesabu: Kisii, Homa Bay, Kehancha, Migori. Mara tatu ofisi imehama, na sidhani kuna mzee soko letu atakayekwambia aliwahi kubeba ramani ya duka lake mpaka Homa Bay ikapigwe muhuri. Alimwita fundi, wakapima kwa hatua, wakajenga.

9/ Wacha nitaje tarehe ambayo wanaosema "mabaraza yalikuwa ya wezi tu" huwa wanairuka. Kanuni zilitolewa 1968. Mwaka 1969 Bunge likapitisha sheria ya kuhamisha majukumu, na kuanzia 1970 serikali kuu ikachukua elimu ya msingi, afya na barabara kutoka kwa mabaraza ya kaunti. Pamoja na majukumu hayo ikachukua kodi kubwa waliyoitegemea, ile kodi ya kichwa iliyopanda kulingana na kipato. Mabaraza ya mashambani yakabaki na ushuru wa soko, leseni, na ada ndogo ndogo.

10/ Ziweke hizo tarehe mbili kando kando. Leo unaambiwa: hii hapa sheria ya ujenzi, ipitishe uisimamie. Baada ya mwaka mmoja na kitu unaambiwa: ile pesa ya kuajiri wa kuisimamia tumeichukua. Kwenye darasa letu hii huitwa jukumu lisilo na bajeti. Mabaraza hayakupata mgao wa uhakika kutoka kwa kodi ya mapato mpaka ilipoundwa hazina ya kuyasaidia mwishoni mwa miaka ya 1990, asilimia 5. Kwa karibu miaka 30, sheria ya moto ilikuwa kama mlinzi aliyeandikwa kazi bila mshahara.

11/ Na baraza lenye njaa hufanya nini? Linageuza sheria kuwa risiti. Ada ya kupitisha ramani inakusanywa, kwa sababu inaleta pesa. Ukaguzi baada ya hapo haufanyiki, kwa sababu unatumia pesa: mafuta ya gari, mshahara, mtu wa kupanda ngazi. Hii picha ishike akilini, maana utaiona tena baada ya 2013 ikiwa imevaa nguo mpya.

12/ Kulikuwa na jaribio zuri moja ambalo watu wamelisahau. Mwaka 1995 zile kanuni za daraja la pili zilifanyiwa marekebisho makubwa. Badala ya kusema ukuta lazima uwe wa kitu fulani, zikaanza kuuliza ukuta ufanye kazi gani: uhimili uzito, usipitishe maji, usishike moto haraka. Ukitimiza hayo kwa tofali za udongo uliokandamizwa, sawa. Nakuru ilikuwa miongoni mwa mabaraza ya kwanza kuzipitisha. Lakini bado zilikuwa "za kupitishwa". Baraza ambalo halikutaka, halikuzigusa.

13/ Sasa sehemu ngumu. Machi 1998, shule ya wasichana ya Bombolulu, Pwani: wasichana 26 walikufa bwenini. Machi 2001, shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos: wavulana 67. Kyanguli bweni lilikuwa na milango miwili. Mmoja ulikuwa umefungwa. Madirisha yalikuwa na vyuma. Ule moto uliwashwa na mtu, na watu hupenda kumalizia hadithi hapo. Lakini moto ukiwashwa na mtu au na waya wa stima, mlango uliofungwa unaua vilevile.

14/ Hilo dunia ililijua zamani. New York, tarehe 25 Machi 1911, kiwanda cha nguo cha Triangle kiliungua na wafanyakazi 146 wakafa, wengi wao wasichana, na mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Baada ya hapo jimbo la New York likaunda tume, likabadilisha sheria za viwanda na likaongeza wakaguzi. Kyanguli ilitokea miaka 90 baadaye, mwezi uleule wa Machi, kwa kosa lilelile la mlango.

15/ Sisi tulifanya nini? Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ikatoa mwongozo wa usalama shuleni. Usome siku moja, ni mzuri kweli. Bweni liwe na mlango kila upande na mlango wa dharura katikati. Milango iwe mipana na ifunguke kwa nje. Madirisha yasiwe na grili. Kati ya kitanda na kitanda iachwe nafasi ya mita 1.2. Vizima-moto viwekwe kwenye kila njia ya kutokea. Hakuna hata sharti moja hapo linalohitaji teknolojia ya kutoka ng'ambo.

16/ Septemba 2017, moto shule ya wasichana ya Moi, Nairobi: wasichana 10. Septemba 2024, Hillside Endarasha, Nyeri: watoto 21, kwenye bweni la mbao lililokuwa na wavulana zaidi ya 150. Baada ya Endarasha wizara ilifanya ukaguzi na ikaamuru sehemu za bweni zifungwe katika shule 348 za msingi. Fikiria hiyo hesabu. Zilikuwa wazi siku moja kabla, na mwongozo ulikuwa umekaa rafu miaka 16. Kilichobadilika ni kwamba mtu alitumwa kwenda kuangalia.

17/ Usidhani ni shule tu. Januari 2006 jengo lililokuwa likijengwa katikati ya Nairobi lilianguka na kuua watu zaidi ya 10. Mwaka 2011 ikapitishwa sheria iliyounda Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Aprili 2016, Huruma, gorofa la kupanga likaanguka na watu takriban 50 wakafa. Hilo jengo lilikuwa limeshawekewa alama ya kubomolewa. Juni 2018, soko la Gikomba likaungua na watu 15 wakafa. Februari 2024, Embakasi, kituo cha gesi kililipuka katikati ya makazi. Maombi yake ya kibali yalikuwa yamekataliwa zaidi ya mara moja mwaka 2023. Yaani sheria ilisema hapana, na biashara ikaendelea.

18/ Sasa tufike kwa ugatuzi, maana hapa ndipo vita vya jukwaani vilipo. Katiba ya 2010 iliua mabaraza, na kaunti 47 zikaanza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Fungua Jedwali la Nne. Huduma za zimamoto: kaunti. Mipango ya kaunti na nyumba: kaunti. Usimamizi wa majanga: umeandikwa pande zote mbili, kaunti na serikali kuu. Sera ya nyumba: serikali kuu. Kanuni za ujenzi zenyewe? Hazikutajwa kwa jina. Na Katiba inasema ambalo halikugawiwa upande wowote ni la serikali kuu.

19/ Ndio maana moto ukitokea kila upande unaweza kunyoosha kidole na ukawa na kifungu cha kusoma. Gavana yeyote atakwambia shule za msingi na sekondari ni za serikali kuu, na ni kweli. Waziri yeyote atakwambia zimamoto ni ya kaunti, na ni kweli. Mtoto aliye ndani ya bweni anahitaji wote wawili usiku mmoja.

20/ Kuna shimo lingine ambalo wengi hawakuliona. Ile sheria ya serikali za mitaa, mama wa kanuni za 1968, ilifutwa mabaraza yalipokufa. Mtoto wa sheria iliyofutwa ana uhai au hana? Wanasheria walibishana, na huku maafisa wa kaunti waliendelea kuzitumia kwa mazoea. Rasimu mpya ya kanuni za mipango na ujenzi ilikuwepo tangu 2009, ikakaa. Mwaka 2019 ikaja sheria ya mipango ya ardhi inayoipa kaunti mamlaka ya kutoa idhini ya kujenga. Mwishowe Kanuni za Kitaifa za Ujenzi zikachapishwa 2024, na zikaanza kutumika Machi 2025.

21/ Kihistoria hayo ni mabadiliko makubwa. Kwa mara ya kwanza kanuni za ujenzi ni za nchi nzima, na hazingojei baraza lizipitishe. Ntimaru na Nairobi zimo kwenye karatasi moja. Kwa hivyo anayesema leo "sheria hakuna" amechelewa. Lakini anayesema "sheria ipo, mambo yameisha" naye hajasoma historia, kwa sababu anayepaswa kuja kuangalia mlango wa hosteli Ntimaru bado ni afisa anayelipwa kutoka bajeti ya kaunti. Kuandika kumekuwa kwa kitaifa. Kukagua kumebaki pale pale.

22/ Wacha nikupe mfano wa mji uliolielewa hili mapema. London iliungua 1666. Sheria ya kuijenga upya ya 1667 inakumbukwa kwa kulazimisha tofali na mawe badala ya mbao. Watu husahau kipande kingine: iliupa mji mamlaka ya kuteua wapimaji wa kuzunguka na kuhakikisha nyumba zinajengwa hivyo. Sheria na macho ya kuitazama vilizaliwa siku moja. Sisi tulizaa sheria 1968, na macho bado tunayangoja.

23/ Sasa turudi kwa zile hoja za jukwaani, moja moja. "Kaunti zimelala." Kuna ukweli. Kaunti nyingi hutoza ada ya ukaguzi wa moto pamoja na leseni ya biashara. Muulize mwenye duka unayemjua, popote ulipo: mwaka huu ulilipa? Atasema ndiyo. Mkaguzi alikuja? Sikiliza jibu lake. Ada bila ukaguzi ni ushuru tu uliopewa jina zuri, na ndiyo ile tabia ya mabaraza niliyoitaja kwenye 11.

24/ "Kaunti hazina pesa." Kuna ukweli pia, lakini si kama wa 1970. Mabaraza yale yalinyang'anywa. Kaunti leo zina haki kikatiba ya mgao usiopungua asilimia 15 ya mapato ya taifa. Pesa inaweza kuchelewa, na ikichelewa kila kitu kinakwama, hilo tunaliona. Lakini mshahara wa wakaguzi wachache wa moto kwa kila kaunti ndogo hauwezi kulinganishwa na gharama ya miradi mikubwa inayozinduliwa kwa utepe. Mkaguzi hana utepe wa kukata. Hiyo ndiyo shida yake kisiasa: akifanya kazi vizuri hakuna kinachotokea, na hakuna anayepigiwa makofi kwa kitu ambacho hakikutokea.

25/ "Kanuni zitaumiza maskini." Hii ndiyo hoja ninayoiheshimu zaidi, na wanaoitoa wana kumbukumbu. Kwa miaka mingi maskini wa mjini walikutana na sheria ya majengo siku ya tingatinga tu. Muoroto, Nairobi, Mei 1990, watu walibomolewa wakabaki nje. Mtu aliyeona hayo, ukimwambia "tunakuja kukagua nyumba yako" anasikia "tunakuja kukubomolea." Huwezi kumlaumu.

26/ Lakini jibu lake liko kwenye ile 1995. Uliza jengo lifanye nini, usiulize limejengwa na nini. Kwa moto, mambo yanayookoa maisha si ghali. Grili ya dirisha moja iwekewe bawaba na komeo la ndani badala ya kuchomelewa. Mlango wa bweni ufunguke kwa nje, na usiku usifungwe kwa kufuli kutoka nje. Ploti ya vyumba 10 isiwe na geti moja tu. Petroli isilale chumba kimoja na watu. Banda la tumbaku lisibanane na nyumba ya kulala. Fundi wa kuchomelea hapo sokoni anaweza kumaliza ile grili kwa siku moja. Mwenye ploti akipewa miezi 6 na orodha fupi ya hivyo, hakuna tingatinga linalohitajika.

27/ Kuna jambo la tano ambalo halisemwi jukwaani kabisa: umbali. Hata zimamoto ikiwa na gari zuri, tanki limejaa na dereva yuko macho, likitoka Migori mjini kuja Ntimaru usiku wa mvua, nyumba ya mbao haitalingojea. Moto wa bwenini huamua mambo kwa dakika chache. Kwa sehemu kama zetu, mlango unaofunguka ndiyo zimamoto ya kwanza, na kwa mara nyingi ndiyo ya pekee. Ndiyo maana mimi nikisikia ahadi ya gari la zimamoto kila wadi nafurahi, lakini nauliza kwanza habari ya mkaguzi. Gari huja baada. Mkaguzi huja kabla.

28/ Kwa hivyo mgombea akija kwako, iwe Ntimaru, Kegonga, Rongo, Mbita au kwingine kokote, achana na "utaleta sheria ya moto?" Ataitikia ndiyo na ataondoka. Muulize haya:
– Kaunti ndogo yetu ina wakaguzi wangapi wa majengo na moto, kwa idadi, na ofisi yao iko wapi?
– Ada ya ukaguzi wa moto iliyokusanywa mwaka jana ilikuwa kiasi gani, na kiasi gani kilitumika kukagua?
– Orodha ya shule za bweni na hosteli zilizokaguliwa, na zilizofeli, itabandikwa wapi tuione?
– Jengo likifeli, nani anafuatilia, baada ya siku ngapi?

29/ Maswali hayo hayana chama. MCA anaweza kuyapeleka bunge la kaunti, kwa sababu bajeti na sheria ya fedha ya kaunti hupita mikononi mwake kila mwaka. Na wewe una nafasi yako kwenye vikao vya ushiriki wa umma, vile ambavyo huwa tunaviacha kwa watu 20 na soda. Kamati ya wazazi nayo inaweza kuanza hata kesho bila kungoja yeyote: nendeni bwenini usiku, hesabuni vitanda, jaribuni milango yote, angalieni funguo ziko kwa nani.

30/ Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu una tarehe: 1968 tuliandika, 1970 tukaondoa pesa, 1995 tukarekebisha na wachache wakapitisha, 2008 tukatoa mwongozo ukakaa rafu, 2025 tukapata kanuni za nchi nzima. Kwenye orodha hiyo yote hakuna mwaka ambao tuliajiri wakaguzi wa kutosha. Huo ndio mwaka ninaoutaka, na ndio nitakaoupigia kura. Kama una shule au hosteli karibu nawe, anza na mlango. Ukiona unafunguka kwa ndani, au umefungwa kufuli, uliza leo.